Bibi Xian wa Lingnan: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Bibi Xian ni nani?

Ni chifu wa kike aliyeongoza sehemu kubwa ya kusini mwa China katika karne ya 6. Alizaliwa katika ukoo wa Xian wa Gaoliang, eneo ambalo leo liko magharibi mwa mkoa wa Guangdong, karibu na jiji la Maoming. Ukoo huo ulikuwa umeongoza makabila ya huko kwa vizazi kadhaa, na kumbukumbu za zamani zinataja kaya zaidi ya 100,000 zilizotapakaa milimani na mabondeni. Akaolewa, akafiwa na mume, akaendelea kushika hatamu kwa zaidi ya miaka 40 ya ujane huku nasaba tatu zikipokezana kiti: Liang, Chen na Sui. Alifariki mwaka 601 au 602, bibi kizee mwenye wajukuu magavana.

Jina lake la kuzaliwa halikuandikwa katika historia rasmi, wala mwaka wa kuzaliwa. Ukikuta mahali ameitwa Xian Ying, au umri wake umetajwa mpaka mwezi na siku, ujue hiyo ni jadi ya baadaye.

Lingnan ni wapi?

Ni nchi iliyo kusini ya safu ya milima ya Nanling: Guangdong, Guangxi na kisiwa cha Hainan cha leo, pamoja na kipande cha kaskazini mwa Vietnam. Kwa watu wa ikulu, waliokaa mbali kaskazini, ilikuwa nchi ya joto, homa na watu walioogopwa. Ilikuwa pia nchi ya mali: pembe za ndovu, vifaru, lulu, magamba ya ng'amba, na bandari ya Guangzhou iliyopokea majahazi ya kigeni. Ndiyo maana kila nasaba iliitaka, na kila gavana aliyepelekwa huko alishukiwa kwamba anakwenda kujaza mifuko.

Wenyeji wake, Wachina waliwaita Yue, Li au Liao, bila kuwa na uangalifu mwingi wa kutofautisha. Kitu kimoja kutoka kwao kinasaidia kuelewa uchifu ulivyokuwa. Chifu akisubu ngoma kubwa ya shaba, aliitundika uani, akaandaa pombe na kualika watu. Mabinti na vijana wa matajiri walikuja na pini kubwa za nywele za dhahabu au fedha, wakaipiga ngoma kwa pini hizo, kisha wakamwachia mwenye ngoma. Siku ya vita ngoma hiyohiyo ililia, na watu wakamiminika. Mwenye ngoma ndiye aliyekuwa mkubwa. Bibi Xian alitoka katika ulimwengu huo, na ukimsoma kama afisa wa China tu utakosa nusu ya habari.

Je, alikuwa malkia?

Hapana. Hakuwahi kujitangaza mfalme wala malkia, ingawa mwaka 589 hakukuwa na mtu wa kumzuia.

Alianza kuongoza akiwa na umri gani?

Kabla ya kuolewa. Akiwa bado nyumbani kwa wazazi tayari aliongoza majeshi na kusuluhisha koo. Kaka yake, Xian Ting, alikuwa gavana mwenye mali na nguvu, na tabia yake ilikuwa kuvamia majirani. Dada mtu ndiye aliyemkalia kooni mpaka akaacha. Visasi vikapungua, na habari zikavuka bahari: jamii zaidi ya 1,000 za upande wa Hainan zikaja kujiweka chini yake.

Watu husimulia vita vyake zaidi. Mimi naona msingi ulijengwa hapa, na kijana wa kike aliyeweza kumwambia kaka mwenye jeshi kwamba ngawira zake zinauponza ukoo mzima.

Mume wake alikuwa nani, na kwa nini ndoa hiyo ilikuwa na uzito?

Feng Bao, mkuu wa wilaya ya Gaoliang. Ukoo wa Feng ulitoka mbali mno. Waliwahi kuwa watawala wa Yan ya Kaskazini, dola iliyoanguka mwaka 436. Mtawala wao wa mwisho alikimbilia Goguryeo, upande wa Korea, na akamtuma jamaa yake Feng Ye kwa bahari pamoja na watu 300 mpaka kwenye dola ya Song, kusini. Wakaishia Guangdong. Vizazi vitatu walishika vyeo vya ugavana hapo, lakini mgeni ni kuku mweupe: amri zao hazikusikilizwa na mtu.

Baba yake Bao, gavana Feng Rong, akaliona hilo, akaposa kwa akina Xian mnamo miaka ya 530. Ukoo wa Feng ulikuwa na mihuri ya serikali. Ukoo wa Xian ulikuwa na watu.

Baada ya harusi, Bibi Xian aliketi pamoja na mumewe kusikiliza kesi. Aliwabana kwanza watu wake mwenyewe, na chifu aliyevunja sheria hakuachiwa hata kama ni ndugu wa damu. Tangu hapo amri za wilaya zikawa na maana.

Kile kisa cha wapagazi waliogeuka askari ni cha kweli?

Kimo katika historia rasmi, na kinaingia vizuri katika matukio ya miaka hiyo. Mwaka 548 jenerali Hou Jing aliasi dhidi ya Liang na kuuzingira mji mkuu, Jiankang, ambao leo ni Nanjing. Magavana wakaitwa kupeleka msaada. Gavana wa jimbo la Gaozhou, Li Qianshi, akasingizia ugonjwa. Mwaka 550 akamwita Feng Bao aende kumwona.

Bao alikuwa tayari kwenda, mkewe akamkatalia. Hoja zake zilikuwa za mtu anayejua ofisi zinavyofanya kazi. Gavana hana sababu ya kumwita mkuu wa wilaya wakati huu. Alipoitwa kuusaidia mji mkuu alisema anaumwa, lakini huku nyuma anafua silaha na kukusanya watu. Ukienda atakushika mateka ili apate askari wako. Tulia kwanza, tuone.

Siku chache baadaye Li Qianshi akaasi waziwazi na kumtuma kamanda wake hodari, Du Pinglu, na jeshi. Bao akamweleza mkewe kwa haraka. Jibu lake lilikuwa kwamba huo ndio wakati wenyewe: Du Pinglu ameshakabiliana na jeshi la serikali, hawezi kurudi, na bosi wake amebaki mtupu. Ila mume akienda mwenyewe itakuwa vita. Kwa hiyo apeleke mjumbe mwenye maneno ya unyenyekevu na zawadi nono, aseme yeye anaogopa kuja, lakini mkewe atakuja kusalimia na kuomba radhi.

Li Qianshi akafurahi. Bibi Xian akaondoka na watu zaidi ya 1,000 kwa miguu, kila mmoja na mzega begani, wakisema kwa sauti kwamba wanaleta mali. Walinzi walitazama, wakaona vitu vya kila aina vikining'inia kwenye mizega, wakawaacha wasogee mpaka kwenye boma la miti. Hapo wapagazi wakageuka askari. Li Qianshi akakimbia.

Sehemu inayofuata husimuliwa mara chache, nami naipenda zaidi. Baada ya ushindi alikutana na kamanda wa serikali, Chen Baxian, akamchunguza. Aliporudi nyumbani alimwambia mumewe kwamba mtu huyu ni wa kutisha na anapendwa na watu, bila shaka atawamaliza waasi, kwa hiyo tumpe msaada bila kubania. Mwaka 557 Chen Baxian alianzisha nasaba ya Chen. Bibi Xian alikuwa ameshawekeza miaka saba kabla.

Ilikuwaje mumewe alipofariki?

Bao alifariki wakati nasaba zikibadilishana, na kusini kukawa vurugu. Mjane akatuliza makabila, wilaya kadhaa zikakaa kimya. Mwaka 558 akamtuma mwanawe Feng Pu kwenda ikulu ya Chen akiongoza msafara wa machifu. Mtoto alikuwa na miaka tisa. Alirudi na cheo cha mkuu wa wilaya, na kila mtu alijua kazi itafanywa na nani.

Ni kweli alikuwa tayari kumpoteza mwanawe?

Ndiyo. Karibu na mwaka 570 gavana wa Guangzhou, Ouyang He, alimwita Feng Pu kwake kisha akamshawishi aasi pamoja naye. Mtego ulikuwa uleule ambao mama alimwepusha baba miaka 20 nyuma. Safari hii kijana alikuwa ameshaingia. Pu akafanikiwa kumpelekea mama habari. Mama akajibu kwamba familia imekuwa na uaminifu kwa vizazi viwili, na hawezi kuisaliti nchi kwa sababu yake.

Akafunga mipaka kwa askari, akaenda na machifu kumpokea jenerali wa serikali, Zhang Zhaoda. Ouyang He akabanwa mbele na nyuma, jeshi lake likasambaratika. Pu alitoka hai, akapewa cheo kikubwa kwa jasho la mama yake. Mama mwenyewe alipelekewa gari la farasi wanne lenye pazia za tarizi, kikundi cha ngoma na filimbi, na bendera kama za gavana.

Wapo wanaomwona hapa kama mama asiye na huruma. Nadhani alipiga hesabu: angekubali kutishwa mara moja kupitia mwanawe, angetishwa kila mwaka.

Nasaba ya Chen ilipoanguka alifanya nini?

Mwaka 589 Sui wakauteka Jiankang na China ikaunganishwa baada ya karne kadhaa za mgawanyiko. Lingnan ikabaki bila mwenyewe. Feng Pu alikuwa ameshafariki. Wilaya kadhaa zikakubaliana kumfanya Bibi Xian kiongozi wao na kumpa jina la Mama Mtakatifu, alinde mipaka na kutuliza watu. Angetaka kujitenga na kusimamisha dola yake, milima ilikuwa yake na watu walikuwa wake.

Sui wakamtuma Wei Guang. Akafika kwenye milima, akasita kuvuka. Ndipo mwanamfalme Yang Guang wa Sui akatumia njia ya busara. Zamani Bibi Xian alikuwa amempa mtawala wa Chen zawadi ya bakora ya pembe ya kifaru kutoka Funan, dola iliyokuwa kwenye nchi za Mto Mekong. Mtawala huyo, sasa mateka, akaandikishwa barua ya kumwambia nchi imekwisha, ajiunge na Sui, na barua ikafungwa pamoja na bakora ile na alama ya kijeshi.

Barua inaweza kughushiwa. Bakora aliitambua. Akakusanya machifu elfu kadhaa, wakalia mchana kutwa. Kisha akamtuma mjukuu wake Feng Hun kumpokea Wei Guang na kumwingiza Guangzhou.

Na maasi ya 590?

Muda mfupi tu baadaye mtu wa Panyu, eneo la Guangzhou, aitwaye Wang Zhongxuan, aliwainua machifu wengi dhidi ya Sui. Guangzhou ikazingirwa, na Wei Guang akauawa kwa mshale. Bibi Xian akamtuma mjukuu wake Feng Xuan na jeshi la uokoaji. Xuan alikuwa rafiki wa mmoja wa waasi, Chen Fozhi, akawa anajikokota njiani kwa makusudi. Bibi akakasirika, akatuma watu wamkamate na kumtia gerezani. Akamtuma mjukuu mwingine, Feng Ang, ambaye alimshinda Fozhi na kumkata kichwa. Maasi yakavunjika.

Kisha ikaja picha ambayo wachongaji na wachoraji wamekuwa wakiirudia tangu hapo. Mjumbe wa Sui, Pei Ju, alipaswa kuzungukia wilaya za kusini. Bibi Xian akavaa deraya, akapanda farasi aliyevishwa deraya pia, chini ya mwavuli wa zari, na wapiga mishale wapanda farasi nyuma yake, akamsindikiza. Kila walipofika machifu walitoka kuja kuinama. Pei Ju alikuwa na hati ya mfalme. Bila mwavuli ule sidhani kama ingesomwa na mtu.

Mfalme Wen wa Sui akampa marehemu Feng Bao cheo cha Mtawala wa Qiao, na Bibi Xian akawa Bibi wa Nchi ya Qiao. Akaruhusiwa kuwa na ofisi yake yenye maafisa na mhuri, na kukiwa na dharura aite majeshi ya majimbo sita bila kusubiri kibali. Feng Ang akawa gavana. Feng Xuan naye akasamehewa na kupewa ugavana, jambo ambalo nashuku bibi yake alikuwa na mkono ndani yake.

Aliwezaje kuitwa mwaminifu ilhali alitumikia nasaba tatu zilizoangushana?

Swali zuri, na waliomwandika hawakulijibu moja kwa moja. Zawadi za Liang, za Chen na za Sui alizihifadhi kila moja kwenye ghala lake. Mke wa mfalme wa Sui alimpelekea mapambo ya kichwa na joho la karamu. Akayaweka kwenye kasha la dhahabu. Kila mwaka kwenye mkutano mkubwa wa ukoo vyote vilitolewa na kupangwa uani, naye akawaambia wajukuu kwamba amewatumikia wafalme wa nasaba tatu kwa moyo mmoja, na hivi ndivyo vilivyotokana na moyo huo.

Maoni yangu ni kwamba moyo huo mmoja ulikuwa kwa Lingnan. Hakumsaidia mwasi yeyote dhidi ya serikali iliyokuwa imesimama, na serikali ilipokufa kweli hakuifia. Kila mara alisubiri kwanza athibitishe. Matokeo yake majeshi makubwa kutoka kaskazini hayakuwa na sababu ya kushuka kuchoma vijiji vyake.

Je, aliwahi kupingana na serikali?

Aliwahi, na alitumia karatasi. Gavana mkuu wa Guangzhou, Zhao Na, alikuwa mla rushwa na mkatili, na watu wa Li na Liao wakawa wanakimbia au kuasi. Bibi Xian akamtuma afisa wake Zhang Rong na barua iliyofungwa kwa lakiri mpaka kwa mfalme, akieleza makosa ya Zhao Na na namna ya kuwarudisha watu. Uchunguzi ukakuta rushwa, Zhao Na akaadhibiwa. Bibi mwenyewe, mzee tayari, akabeba tangazo la mfalme na kuzunguka nalo majimbo zaidi ya kumi. Kila alikofika watu wakarudi. Akazawadiwa wilaya ya Linzhen, kusini mwa Hainan, yenye kaya 1,500.

Ndiye Mulan?

Siye. Mulan, yule msichana aliyekwenda vitani, ni wa utenzi. Alivaa kiume na hakuna historia rasmi ya nasaba iliyoandika maisha yake. Bibi Xian alivaa deraya kama mwanamke, kila mtu akijua ni nani.

Habari hizi zimetoka wapi, na tuziamini kiasi gani?

Kwa sehemu kubwa kutoka Kitabu cha Sui, kilichosimamiwa na Wei Zheng na kukamilika mwaka 636 chini ya nasaba ya Tang, iliyofuata Sui. Amewekwa kwenye sura ya wanawake wa mfano, kati ya wake waaminifu na mama wema, mahali pembamba kwa mtu aliyeongoza majeshi.

Angalia tarehe. Mwaka 636 mjukuu wake Feng Ang alikuwa bado hai, na bado ndiye mwenye nguvu Lingnan. Miaka kadhaa nyuma ikulu ya Tang ilitaka kumpelekea jeshi kwa uvumi kwamba ameasi, na aliyemshauri mfalme atume mjumbe badala ya jeshi alikuwa Wei Zheng huyohuyo. Kumsifu bibi kwa uaminifu kulikuwa pia ujumbe kwa mjukuu. Hilo halifanyi matukio kuwa ya uongo, ila linaeleza kwa nini neno uaminifu linarudiwa hivyo, na kwa nini machifu wenzake hawasikiki wakisema chochote.

Wazao wake waliishia wapi?

Feng Ang alishauriwa ajiite mfalme wa Yue wakati Sui inaanguka. Akakataa, na mwaka 622 akajiunga na Tang. Alifariki 646. Baada yake ukoo ukapungua nguvu. Kitukuu mmoja wa Feng Ang, aliyezaliwa mwaka 684, aliharibikiwa baba yake alipohukumiwa: akahasiwa na kupelekwa ikulu, akalelewa na familia nyingine, akawa Gao Lishi, towashi aliyeaminiwa kuliko wote na mfalme Xuanzong.

Lipo na jina la Feng lisilopendeza. Mtawa Jianzhen, aliyetupwa Hainan na dhoruba mwaka 748, alikaribishwa na chifu aitwaye Feng Ruofang, ambaye kila mwaka aliteka meli mbili tatu za Waajemi, akachukua shehena na kuwafanya mabaharia watumwa. Wageni wake aliwawashia ubani badala ya mishumaa. Historia ya Hainan haina Bibi Xian peke yake.

Anakumbukwa vipi leo?

Kwa mahekalu, mengi sana, Hainan na magharibi mwa Guangdong, na kwa wahamiaji wa huko waliokwenda Asia ya Kusini-Mashariki. Gaozhou lipo hekalu kubwa la tangu enzi za nasaba ya Ming (1368–1644). Kaburi linalotambuliwa kuwa lake liko Dianbai, ndani ya Maoming. Mshairi Su Shi, alipohamishiwa Danzhou kama adhabu mwaka 1097, alilikuta hekalu lake limesimama lakini jiwe la kumbukumbu halina maneno, akamtungia shairi.

Hainan kuna sikukuu ya Junpo, mwezi wa pili wa kalenda ya mwezi, siku ya 6 hadi ya 12, na kishindo kikubwa huwa mji mdogo wa Xinpo, nje ya Haikou. Watu huvaa kijeshi, hupanga vikosi na bendera, hubeba sanamu zake barabarani, na wengine hupitisha vyuma mashavuni. Maoming huadhimisha siku ya kuzaliwa kwake mwezi wa 11, siku ya 24. Kwa kuwa ni kalenda ya mwezi, tarehe zetu hubadilika kila mwaka. Ya Junpo huangukia mwishoni mwa Februari au ndani ya Machi, kwa hiyo anayepanga kwenda aulize mapema.